Nusu Sekunde ya Kilima cha Baba

Mdogo wangu aliolewa Walikale, kule msituni, ambako ukiinua macho unaona majani na ukiyashusha unaona mizizi. Alipokuwa na mimba yake ya kwanza alinipigia simu akilia. Chakula hakikupita, usingizi hakuna, na kwa wakwe kila mtu alimwambia avumilie tu.

"Dada, unitumie foto ya kilima ya kwetu," alisema. "Na bang'ombe ndani. Naanza kusahau vile inakuwaka."

Alikuwa ameomba mwenyewe. Mimi ni mpiga picha pale Masisi: harusi, ubatizo, wanafunzi wanaotaka kuonekana wanene. Nikapanda pikipiki hadi kwa baba, karibu na Kibabi, nikijua ni kazi ya dakika tano.

Baba alikataa kabla sijafungua mfuko. "Ng'ombe haihesabiwake, mutoto yangu. Foto inatembeaka. Kesho muntu mwenye simujue atahesabia bang'ombe yangu na kidole."

Kwetu hata mwenye zizi hasemi ana wangapi. Ukimuuliza atakujibu kwamba wapo. Najua desturi hiyo tangu utotoni, lakini nilipandwa na hasira. Nikamwambia binti yake analia na yeye anawaza hesabu. Nilisema kwa sauti kubwa, na bado naona aibu. Akaenda zake zizini.

Nikakaa juu ya uzio, nimenuna. Ndipo nikakumbuka picha niliyowahi kupiga nikiwa juu ya pikipiki inayokwenda: vilima vilitoka mistari mitupu ya kijani, nikaifuta haraka mteja asije akaiona. Lakini mistari nani ataihesabu?

Kesho yake asubuhi mawingu yalikuwa chini, na hilo lilinifaa, maana jua kali lingeichoma picha ikawa nyeupe tupu. Nikaipanga kamera ikae na jicho wazi nusu sekunde, nikaizungusha taratibu kufuata mteremko ng'ombe walipokuwa wakishuka. Mkono ulikataa. Miaka yote nimeufundisha usitikisike, sasa kila nikibonyeza unaganda wenyewe. Picha za kwanza zilifanana na sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, iliyomwagika.

"Umelewa?" baba aliuliza kutoka langoni.

"Bado," nikamjibu.

Sijui ni ya ngapi iliyokubali. Kijani kilitiririka toka juu hadi chini, ukungu ukapita katikati, na ng'ombe wakawa mkanda mmoja wa hudhurungi unaoteremka. Hapakuwa na pembe wala mguu, ila kilima kilikuwa kile kile. Nilifurahi mpaka nikasahau kwamba tumegombana, nikamkimbilia baba na kamera.

Aliitazama. Akaweka kidole kwenye kioo, akakipeleka mbele, akakirudisha, akapotea. Akacheka.

"Hata mimi mwenyewe nashindwa. Tuma."

Nikaihamishia kwenye simu, nikaituma. Kisha nikangoja jibu. Saa sita ikapita, saa nane, na nikaanza kujilaumu: mtu ameomba nyumbani kwao, nimemtumia rangi. Atadhani namfanyia mzaha.

Simu ilipoita nikaiweka sauti juu ili baba asikie.

"Dada," alisema, na hakuwa akilia tena, "ule mweupe wa nyuma, angali anachelewaka?"

Nikaifungua picha upya. Mwishoni kabisa mwa ule mkanda palikuwa na uzi mfupi mweupe, peke yake. Nilikuwa nimeuona nikaudhani kasoro.

Baba akaninyang'anya simu. "Angali," alisema. "Tunamungojaka kila siku." Halafu, bila kuombwa, akaanza kumtajia ng'ombe kwa majina, mmoja baada ya mwingine, nani amezaa, nani anaumwa kwato. Mimi nikasogea mbali, nisije nikajikuta nahesabu.