Sindano ya Kasiva Yaumbua Kamati ya Kisima

Saa tatu asubuhi, kando ya barabara kuu hapa Kambu, Kasiva Nyamai ameifunua mota ya pampu ya kisima. Sindano ya kushonea, aliyoisugua kwa sumaku ya spika kuukuu, inaning'inia kwa uzi.

Anagusisha betri ya pikipiki kwenye koili ya kwanza kati ya nne, mizingo ya waya iliyo ndani ya mota. Ncha ya sindano inavutwa. Koili ya pili, inasukumwa. Ya tatu, inavutwa. Ya nne, inavutwa tena.

"Mwizi ni huyu," anasema, akiigonga ya nne kwa kidole.

Mwenyekiti wa kamati, mzee Mutisya, anafika mbio, tai begani. "Nani alikuruhusu? Mota hii ilifungwa na fundi mwenye cheti!"

"Ndiyo maana inanguruma kwa Kiingereza, mzee. Ila kuzunguka imekataa."

Wanawake walioileta kwa wilibaro wanacheka. Hawakuwa na budi kuileta. Wiki tatu wametembea kilomita nne kwenda kuchimba maji kwenye mchanga wa mto, huku kamati ikikaa vikao vya chai. Chai ya maji ya nani? Kasiva aliomba mara mbili aione mota. Mara mbili akaambiwa fundi gani huyo wa darasa la saba.

Darasa la saba ni kweli. Karo ilikwisha, akaenda kwa mjomba wake, mjini Mtito Andei, kufunga nyaya za mota za mashine za kusaga. Sasa ana miaka hamsini na mmoja, na thelathini na saba kati yake ni ya kazi hii.

"Stima ikipita kwenye koili, koili inakuwa sumaku," anamweleza mzee polepole, kama mtu anayelisha mtoto uji. "Ukigeuza stima, sumaku nayo inageuka. Hizi nne zipokezane, ndipo mota izunguke. Fundi wenu aliunga hii ya nne kinyume. Zinavutana mashati tu humo ndani."

Anabadilisha ncha mbili za waya, analehemu, anapima. Safari hii sindano inasukumwa.

"Hata hivyo ingojee kikao cha Alhamisi," mzee anasema.

"Ngojeeni nyinyi," anajibu Nthenya, mmoja wa wanawake hao, mjane mwenye watoto watano, akipakia mota na kuinua wilibaro.

Mwezi wa nane Kasiva ataenda mjini Wote kufanya mtihani wa ufundi. Lakini cheti si kitu pekee anachotaka.

"Nthenya na wenzake wawili wanaanza kujifunza kwangu Jumatatu," anasema akifuta mikono. "Mzee, siku nyingine ukinikataa mimi, utakuwa na watatu zaidi wa kukataa."