Kiti cha Gurudumu Moja Kilimani

Mama Springi alikuwa fundi wa makochi, na karakana yake ilipakana ukuta na banda langu la baiskeli. Jina lake halisi alilijua mumewe na labda watu wa benki. Sisi wengine tulimwita hivyo kwa sababu ya springi alizozing'oa kwenye makochi ya watu na kuzitundika mlangoni kama mafungu ya vitunguu. Alikuwa mfupi, mikono minene, na mdomoni hakukosa misumari midogo midogo, kiasi kwamba ukimsalimia anakuitikia kwa pua. Ufundi aliurithi kwa baba yake, ambaye hakujaliwa mtoto wa kiume wala hakuona tatizo.

Aliyeona tatizo ni mama mkwe wake.

Mama huyo ujanani alikuwa tarishi wa posta. Miaka ishirini na mitatu alibeba barua kwa miguu, akivuka vilima vya nyuma ya mji wetu kwenda kwenye nyumba zilizotawanyika kando ya maziwa, iwe mvua, iwe jua. Ungedhani mwanamke wa aina hiyo angempenda mkwe mwenye nyundo. Wapi! "Mwanangu kaoa seremala," alikuwa akisema, nami nikisikia, maana kuta zetu zilikuwa nyembamba kama kadibodi. Alipovunjika nyonga alihamia kwa mwanawe, akapewa chumba cha nyuma ambacho dirisha lake linatazama ukuta wa ghala. Kwa miaka miwili hakutoka nje ya nyumba ila kwenda hospitali. Hawakugombana, yeye na mkwewe. Walisalimiana tu, kama watu wawili waliokutana kwenye foleni.

Moto aliuwasha Kiroboto, binti wa Mama Springi, mwenye miaka tisa na makalio yasiyojua kiti. Alirudi kutoka shuleni mbio na karatasi mkononi. Mimi nilikuwa sebuleni kwao, nimekuja kurudisha koleo.

"Bibi! Bibi! Tunapanda kilima! Familia zote! Wiki ijayo, Jumamosi! Na imeandikwa babu na bibi wanakaribishwa, soma hapa!"

Bibi alivaa miwani, akaisoma. Njia ya Familia, kilomita sita, kupanda kilima cha kati na kushukia ziwa la juu. Palikuwa na ramani ndogo pembeni. Akaisogeza karibu na pua.

"Nani kachora hii? Mbona kaipitisha njia kwenye tope? Nipe penseli."

Akafuta mstari wa mwalimu, akachora wa kwake. Kisha akamrudishia mjukuu karatasi.

"Nenda na wazazi wako. Ukirudi uniambie kama ngazi za mawe bado zipo."

Mama Springi alikuwa amesimama mlangoni. Nikamwona anatoa misumari mdomoni, mmoja mmoja, anaiweka kiganjani. Nikajua kuna jambo.

Kesho yake, hata sijafungua banda vizuri, huyo hapo.

"Jirani, una rimu ya baiskeli iliyo imara? Nataka moja tu."

"Moja? Ya nini?"

"Ya mama mkwe."

Alinichorea sakafuni kwa chaki. Kiti chenye gurudumu moja katikati, chini kabisa, kwa sababu njia ya kilimani ni nyembamba na magurudumu mawili hayapiti. Mbele mikono miwili ya mtu wa kuvuta, nyuma mikono miwili ya mtu wa kusukuma na kusawazisha. Mabomba ya chuma, mkanda wa kifuani, mahali pa kuweka miguu. Nilimwambia kitapinduka. Akasema kazi yangu ni breki, kupinduka nimwachie yeye.

Shida ilikuwa vipimo. Aliingia chumba cha nyuma na futi ya kitambaa shingoni, akaanza kumpima mama mkwe bila maelezo: mgongo, paja, kiwiko.

"Unanipima jeneza?" mama akauliza.

"Nakupima kiti, Mama."

"Kiti ninacho."

"Ulichonacho hakipandi mlima."

Haya alinisimulia Mama Springi mwenyewe. Halafu yule mama akajigeuza kidogo kitandani na kusema, "Upande wa kushoto weka sponji nene. Nyonga hii haina adabu."

Tulifanya kazi siku tisa. Tulichomelea, tukavunja, tukachomelea tena. Jaribio la kwanza tulipakia gunia la mchanga; kiti kikalala ubavu, mchanga ukamwagika mlangoni kwa muuza magazeti, tukatukanwa ipasavyo. Mama Springi akashusha kikalio kwa viganja viwili. Jaribio la pili alipanda mwenyewe. Mumewe, dereva wa lori la maziwa, akashika mbele, mimi nyuma, tukamzungusha mtaa mzima. Watu wakatoka madukani. "Harusi lini?" wakapiga kelele. "Bibi harusi mbona kavaa aproni?" Yeye hakucheka wala hakununa. Alikuwa ameinamisha kichwa anasikiliza ekseli ya gurudumu. "Inalia," akasema. "Tia grisi."

Jumamosi ikafika, anga nyeupe, upepo baridi wa asubuhi. Familia kama thelathini zilikusanyika chini ya kilima, na vikapu, na watoto wa kubebwa, na watoto wa kufokewa. Mama mkwe alikuwa juu ya kiti, blanketi magotini, kofia ya sufu, uso umekaza kama mtu anayekwenda kung'olewa jino. Mwalimu mkuu alipotuona akaja mbio.

"Samahani sana, lakini njia hii si ya viti. Usalama..."

"Mwalimu," mama akamkatiza, "njia hii nimeipita mara elfu kadhaa. Wewe mara ngapi?"

Mwalimu akajikuna. "Mbili, Mama."

"Basi tuonane juu."

Watoto wakacheka, na hapo ndipo kitu kilifunguka. Tulianza kupanda na mama akaanza kuongea. Shikeni kulia, hapo pana jiwe la uongo, linacheza. Msivute kwa nguvu, vuteni kwa pumzi. Kiroboto akatangulia akirukaruka, akiripoti kila kitu kama askari wa doria: "Mzizi, Bibi! Jiwe, Bibi! Kinyesi cha mbuzi, Bibi!" Watoto wengine wakafunga kamba kwenye mikono ya mbele, wakavuta pamoja na dereva wetu wa maziwa. Jasho lilinitoka mpaka kwenye vifundo, lakini naapa sijawahi kusukuma kitu kwa furaha namna ile.

Kwenye njia panda, kibao kilielekeza kushoto. Mama akanyoosha mkono kulia. Mwalimu na kundi kubwa wakafuata kibao. Familia sita zikatufuata sisi. Hazikupita dakika kumi, tukasikia mayowe ng'ambo ya vichaka, na sauti ya mtu akiuliza kiatu chake kimekwenda wapi. Mama akaiweka kofia vizuri. "Tope," akasema, kwa sauti ya mtu anayetaja jina la rafiki wa zamani.

Ngazi za mawe bado zilikuwepo. Ndizo zilizonitia hofu tangu mwanzo: ngazi arobaini na ushee, nyembamba, zina ukungu wa kijani, na upande wa kushoto kilima kinashuka kama paa la nyumba. Mama Springi akachomoa pini mbili, gurudumu likatoka kwa nusu dakika, kiti kikawa machela. Tukakiinua watu wanne: mume na mkewe mbele, mimi na baba mmoja wa zile familia sita nyuma. Tulikuwa tumebakiza ngazi chache tu wakati mguu wa mumewe ulipoteleza. Kiti kikainama kushoto. Nilisikia mkono wa nyuma unaniponyoka. Sijui Mama Springi alipitia wapi, ila nilimwona chini ya kiti, bega lake limeingia kwenye bomba, goti juu ya jiwe, shingo imetoka mishipa. Alikibeba peke yake, kwa muda ambao mimi niliuona kama mwaka, mpaka tukashika tena.

Nyuso zao mbili, yeye na mama mkwe, zilikuwa karibu, ungeweza kuzifunika kwa sahani moja.

"Seremala," mama akasema taratibu, "umeumia?"

"Sijaumia, Mama."

"Goti lako linatoka damu."

"Litakauka."

"Basi inua, watatutangulia wale wa tope!"

Tukainua. Tulicheka, watu wazima wanne, hata pumzi ya kuchekea hatuna. Tukafika kileleni wa kwanza, upepo ukatupokea kwa makofi, na Kiroboto akawa anazunguka kilele kizima akipiga kelele zisizo na maneno.

Kule juu mama hakutulia. Alikuwa ananyoosha kidole huku na huku, watoto wamemzunguka. Pale, paa jekundu, nilipeleka barua ya posa, binti akaisoma akakimbilia zizini, hakutoka mpaka nikaondoka. Pale mbwa alininyang'anya kiatu, nikamaliza njia na kimoja. Pale kwenye ile rasi alikaa mzee aliyejiandikia barua mwenyewe ili nipate sababu ya kupita. Alisimulia mpaka sauti ikamkauka, na mwalimu mkuu, aliyefika mwisho akiwa na tope hadi magotini, akakaa chini miongoni mwa watoto kusikiliza.

Mama Springi alikuwa amekaa kwenye nyasi, goti limefungwa leso, anatazama maji kule chini. Alizaliwa katika mji huu huu, lakini tangu akiwa na miaka kumi na miwili alikuwa na nyundo mkononi siku sita kwa wiki, na ya saba alilala.

"Sikujua," akasema.

"Hukujua nini?" mama mkwe akauliza.

"Kwamba ni matatu. Ukiwa mjini unaona ziwa moja."

Mama akalivuta blanketi kando. Kisha akajisogeza pembeni ya kiti, akaipigapiga ile sponji nene. "Njoo hapa, mwanangu. Panatosha wawili. Nikuonyeshe."

Kushuka kuelekea ziwa la juu kulikuwa kwepesi, majani laini, mteremko mpana. Nilikuwa nimebana breki kwa mikono yote miwili wakati mama alipopaza sauti: "Achia!"

"Mama, hapana!" Mume wa Mama Springi akageuka.

"Nimesema achia! Nyie mnanibeba kama mayai!"

Nilimtazama Mama Springi. Akaichungulia ekseli, akachungulia mteremko. "Achia nusu," akaniamuru. Tukakimbia. Tulikimbia sote, watoto pembeni, kamba zinapepea, blanketi likaruka likabaki nyuma, na yule mama wa miaka sabini na nne anapiga mruzi kwa vidole viwili, mruzi mkali wa tarishi anayeita nyumba iliyo ng'ambo ya maji. Tulisimama miguu imeshaingia ziwani.

Wakati tunakausha soksi, mwanamume mmoja alikuja na binti yake mgongoni, msichana wa miaka kama minane, miguu yake myembamba ikining'inia. Alikuwa amembeba hivyo kutoka chini. Akauliza kama kiti kile kinauzwa.

"Hakiuzwi," akasema mama mkwe kabla mkwewe hajafungua mdomo. "Mwache apande sasa hivi arudi nacho. Mimi nitasubiri hapa waje wanichukue. Na wiki ijayo mje karakana mtoto apimwe cha kwake."

Leo Mama Springi ametengeneza vitano, na mimi nimeagiza rimu kwa dazeni. Mama mkwe amehamisha kitanda chake chumba cha mbele, ambako anawachorea watu ramani na kuwagombeza wakishindwa kuzisoma. Jumapili iliyopita tulikwenda ziwa la tatu. Tulinyeshewa mpaka kwenye mifupa, tukapotea mara moja, na mume akaangusha chakula chote mtoni. Tulirudi tunacheka kama walevi, na Jumatatu hakuna kati yetu aliyefungua mlango wa kazi kabla ya saa nne.