Kamio ya Pili ya Pweto

Nimefanya kazi chini ya wakubwa wengi, kwanza kwenye reli, kisha kwenye maduka. Ninayemheshimu kuliko wote ni mama mmoja mfanyabiashara, mzaliwa wa Kivu ya Kaskazini, aliyekuwa na depo ya bidhaa za jumla hapa Lubumbashi na kamio chache, yaani malori ya mizigo. Alinichukua nikiwa mzee tayari, treni zimelala na nyasi zimefunika njia. Kazi yangu ilikuwa kupanga safari. Kamio zilipanda na simenti na unga hadi Kasomeno na Pweto, kando ya ziwa, zikashuka na samaki wakavu.

Mwaka ule vita vilipolikaribia ziwa, zilianza kushuka na watu. Dada yangu mkubwa, ninayemwita Yaya, mjane, alikuwa akiuza samaki Pweto. Miguu yake ilikuwa imevimba, hakuweza kukimbia kwa njia za porini kama wengine. Nilimwambia kwa simu, "Yaya, panda kamio ya kwanza utakayoiona."

Mama yule wa depo alikuwa ameziweka safari zote kwenye kalenda ya intaneti, na mawakala wake wa Kasomeno na Pweto waliiona kwenye simu zao. Mimi niliandika mpango kwenye kompyuta ya depo, kompyuta ikatoa faili, nami nikaiingiza faili hiyo kwenye kalenda. Nilijivunia sana kuijua kazi hiyo, mimi niliyemaliza sekondari enzi za mashine za kupiga chapa.

Siku moja umeme ulikatika nikiwa katikati ya kuingiza faili. Uliporudi, sikuwa na hakika kama safari zimefika. Kwenye reli tulifundishwa kwamba ukiitangazia stesheni ya mbele kuwa treni inakuja, tangaza mara mbili, maana tangazo moja laweza kupotea njiani. Kutangaza mara mbili hakukuzaa treni ya pili. Basi nikatoa faili upya, nikaiingiza tena, nikaenda nyumbani na moyo mtulivu. Kufungua kalenda nitazame tu, sikufungua.

Kamio ilipokwisha kuondoka Pweto, nilimpigia dada simu nikidhani yumo ndani.

"Yaya, mumefika wapi?"

"Mi niko hapa Pweto, pa parking. Nafasi yangu nilipatia mama moja wa mapasa, batoto babili mugongoni. Ninangojea kamio ya pili."

"Ya pili gani?"

"Weye si njo unapangaka? Wakala alituonyesha kwa simu yake, ziko mbili. Alisema bale hawana batoto bangojee."

Nikaikumbuka faili niliyoiingiza mara mbili. Kisha nikaenda kwa mama wa depo nikamweleza jinsi nilivyofanya. Alivaa miwani, akafungua kalenda kwenye simu yake.

"Papa, kule tulituma kamio ngapi?"

"Moja, Mama."

"Hapa ziko mbili. Na Kasomeno mbili. Na juma linalokuja, yote mbili-mbili."

Nilitaka kufuta upesi, niiondoe aibu ile machoni pake. Akauvuta mkono wangu taratibu.

"Acha kwanza. Wakala ameandika majina ya bantu ndani ya moja kati ya hizi. Ukifuta ile, unafuta bantu."

Majina ya watu yalikuwamo kwenye safari ile isiyokuwapo. La dada lilikuwa juu kabisa. Mama aliyasoma yote bila kunitazama, akasema, "Hii ya uongo tutaifanya ya kweli." Akampigia shofa aliyekuwa Kasomeno na kamio iliyojaa simenti.

"Shusha yote, panda Pweto, leta bantu."

Simu yake ilikuwa na sauti kubwa, nikamsikia shofa. "Mama, kule bantu banatoka, mi njo naingia?"

"Utaingia, utageuza, utatoka."

"Na simenti? Depo ya huku haina bati, na mvua inakuya."

"Simenti haina miguu, haitakimbia. Enda."

Alikubali kwenda. Yeye pia ninamheshimu hadi leo. Mvua ilinyesha kweli, mifuko ikawa mawe, na mama hakuitaja mbele yangu hata siku moja.

Tulipokuwa tukingoja, alivuta kiti karibu na kompyuta. Alijua kwamba nikikaa bure nitaumia zaidi.

"Faili ileile ungeiingiza mara mbili, labda kalenda ingeitambua. Lakini ulitoa mpya, na kompyuta yetu inapatia kila safari namba mpya ya kujificha. Kalenda inaangalia namba, haiangalii safari. Ni kama mutoto anabatizwa parokia mbili. Kwa vitabu vya bapadri iko batoto babili."

"Sisi Wakatoliki hatubatizi mara mbili, Mama."

"Njo maana nakuambia weye. Utaelewa haraka."

Akanitengenezea kalenda tupu ambayo niliiona mimi peke yangu. Kila faili iingie humo kwanza, niitazame. Ikiwa imekosewa, niitupe kalenda yote bila kugusa ile ya mawakala. Na mpango ukibadilika, safari za zamani zitoke kabla mpya hazijaingia. Kisha akahamishia majina kwenye safari mpya ya shofa yule, akafuta safari zilizojirudia moja baada ya nyingine, mimi nikimsomea.

Kamio ilirudi imejaa hadi juu ya mbao. Lakini baadhi ya waliokuwa wakingoja walikwisha kukata tamaa, wakaondoka kwa miguu. Sijui ni akina nani kati yao waliofika. Hilo ninalo, wala simpi mtu mwingine alibebe.

Dada alishushwa kwa kushikwa kwapani. Mama mwenyewe alikuwa amekuja kupokea watu.

"Mudogo," dada akaniambia, "kamio yako ilikawia."

"Haikuwapo, Yaya. Niliiandika kwa kosa langu."

"Sasa ile nilipanda, nani aliituma?"

Nikamwonyesha mama. Dada akaushika mkono wake kwa mikono miwili, hakuuachia mpaka kiti kilipoletwa. Mimi nikabeba mzigo wake, ulikuwa na nguo tu. Samaki wote alikuwa amewaacha.