Kamera Nzima, Jina la Bhoke Likavunjika

Siku ile naikumbuka kwa kelele zangu mwenyewe. Mwanangu, nakuandikia nikiwa na hasira, sikufichi. Asubuhi nimekusikia ukimfokea mdogo wako, "Wewe ndiye umeua rimoti!" kumbe betri zimekwisha tu. Nilitaka kukuchapa. Nikakaa chini, maana sauti ile naijua. Ni yangu.

Hukuwa umezaliwa bado. Nilikuwa na studio ndogo ya picha hapa Nkende, na kiburi cha kidato cha nne kichwani. Ikafika siku ya kuletwa ng'ombe wa mahari ya Bhoke, shangazi yako, nikaambiwa nipige picha kule nyumbani kwao Matongo. Nilitangulia kusaidia kupika, kamera nikamwachia Bhoke aje nayo. Bhoke alikuwa mjini akisukwa, akaja asubuhi na bodaboda, begi la kamera mapajani.

Nje juani nikapiga ng'ombe wakiingia zizini na vijana wakiruka. Nilipandisha spidi ya kamera ili wanaoruka wasitoke na ukungu. Picha safi kabisa. Mchana tukaingia ndani walikokaa wazee, nikafunga flashi juu ya kamera. Lo! Kila picha vichwa vipo, lakini kuanzia kifuani kwenda chini ni giza, limekatwa kama kwa rula. Nikajua shata imekufa, yale mapazia madogo ya ndani yanayofunguka na kufunga picha inapopigwa. Na muuaji nikawa nimeshampata.

"Bhoke! Umeiangusha njiani! Mikono yako haishiki kitu, utavunja hata mji wa watu!"

"Wifi, sijaiangusha. Niliipakata kama mtoto."

"Nyamaza!"

Mama wa bwana harusi, aliyetoka Busawe, aliweka kikombe chini. Jioni wakaondoka, na kesho yake ikaja habari kwamba wanataka kufikiri kwanza. Kwetu binti akiitwa mharibifu siku ya ng'ombe wake, jina hilo humtangulia mlangoni. Bhoke alilia mpaka akaacha kula. Mimi nikabeba kamera kwa fundi. Ona akili yangu ilipokuwa!

Fundi alikuwa Mzee Hamadi, mtu wa kofia na miwani mizito, aliyetengeneza redio na kamera pale mjini tangu kabla sijazaliwa.

"Shikamoo mzee. Shata imevunjika, wifi yangu kaiangusha."

"Marahaba. Ulimwona akiiangusha?"

"Sikumwona, lakini..."

"Basi tuiulize kamera."

Akapiga picha mlangoni bila flashi: nzima. Akafungua lenzi, akaweka spidi ya chini kabisa, tukatazama mapazia yakifunguka yote na kujifunga bila kukwama. Akarudisha lenzi, akafunga flashi, akapandisha spidi: giza lilelile. Akashusha spidi: picha nzima, mpaka viatu vyangu.

"Flashi hii si ya kampuni moja na kamera hii, haiwezi kuizuia isizidishe spidi," akasema. "Ukiikimbiza sana, pazia la pili linaanza kufunga kabla la kwanza halijamaliza kufunguka. Flashi inawaka mara moja tu. Penye pazia, mwanga haufiki. Ulisahau kushusha spidi."

Nikacheka, nikashukuru, nikanyoosha mkono nichukue kamera. Hakuiachia.

"Binti, za ng'ombe ulipiga kabla ya bodaboda au baada?"

"Baada."

"Zilitoka nzima?"

Ushahidi ulikuwa mkononi mwangu tangu asubuhi ile, nami sikuutazama.

"Ulimtukana mbele ya nani?"

Nikamwambia.

"Kamsafishe mbele ya haohao. Radhi ya chumbani haiponyi tusi la hadharani."

Nikaenda Busawe na bibi yako. Tulimkuta yule mama akipukuchua mahindi, majirani wawili pembeni. Nikapiga goti, nikasema taratibu, "Mama, Bhoke hakuharibu kitu. Kosa lilikuwa langu."

Akaendelea kupukuchua. "Sisikii. Siku ile ulisikika mpaka zizini. Leo umemeza nini?"

Nikasimama, nikalisema kwa sauti yangu ileile ya Matongo, mpaka mtu wa ng'ambo ya shamba akageuka. Ndipo akatuletea vigoda.

Bhoke aliolewa, na unawajua binamu zako. Lakini hadi leo nikimpa kamera anishikie, huiweka mezani kwanza. "Iko mezani, wifi. Shahidi ni wewe." Anacheka. Mimi sicheki sana.

Mwanangu, kitu kikiharibika mkononi mwako, kiulize chenyewe kwanza. Kijaribu hivi, kijaribu vile, kumbuka ulikigusa wapi wewe. Mtu awe wa mwisho, na hata yeye umuulize, usimhukumu. Kamera ina fundi. Ulimi hauna mfupa, lakini unavunja, na ulichovunja kinaungwa na aliyekivunja, tena hadharani.

Sasa nenda kamwombe radhi mdogo wako, kwa sauti ileile, nisikie hadi jikoni. Mungu akupe jicho la kuona kosa lako kabla ya la mwenzio, na wote watakaokaa karibu nawe wakae bila hofu.