Nani Alilitazama Gari Jana?

Nilipokuwa msichana mdogo, nyumbani kwetu upande wa Rangwe, gari likikataa kuwaka asubuhi watu walianza kwa kuuliza nani alilitazama jana yake. Boneti ilifunguliwa baadaye. Sisi jibu tulikuwa nalo tayari: Min Odongo, mjane wa binamu yake baba, ambaye boma lake lilipakana na letu. Siku gari letu lilipofika, jekundu na kuukuu, alipitisha kiganja juu ya boneti akasema, "Hii itawabeba." Dani, mama yake baba, hakuipenda sifa hiyo.

Jioni ile ile Dani alilikinga gari. Alichukua chupa ya maji ya baraka kutoka misheni, akaifunga kitambaani pamoja na mizizi yake, akalisukumiza furushi ndani ya kisanduku cha dashibodi. Bibi yangu hakuona ubaya wa kumtumikisha padri na mganga kwa zamu moja. Akakataza mtu yeyote asilitoe.

Baada ya hapo betri ikawa inakufa. Jioni gari linaunguruma vizuri, asubuhi linakwaruza mara moja na kunyamaza, nasi tunalisukuma hadi kwenye mteremko. Kaka yangu akaapa kwamba alipotoka kukojoa usiku aliona mwanga hafifu ndani yake. Hilo lilitosha. Kwetu jajuok, mtu anayekimbia uchi usiku kuwatisha wenzake, husemwa kuwa hubeba moto. "Anakuja kuuchota kwetu," alisema Dani.

Nikakatazwa kwenda kwa Min Odongo. Nilimpenda mama yule. Alinipa nyoyo, yaani mahindi na maharage yaliyochemshwa pamoja, yake yakiwa laini kuliko yetu, na hakuniuliza habari za shule. Wanawake wakaacha kwenda naye mtoni. Kisha wazee wa ukoo wakakubaliana kukaa Jumapili baada ya misa, wamwambie arudi kwao Ndhiwa. Niliiogopa sana Jumapili hiyo.

Baba hakubishana na mtu. Alifunga betri kwenye baiskeli, akaipeleka Rodi Kopany kuchajiwa, akarudi na taa ya kupimia aliyoazimwa na fundi. Jumamosi asubuhi aliirudisha betri mahali pake, akazima kila kitu, akachomoa waya mmoja wa betri na kuiunganisha ile taa kati ya waya huo na betri. Ikawaka. Dani akashika kifua.

"Mama, moto unatoka sasa hivi," baba alisema, "na mchana huu hakuna mtu anakimbia."

Akaanza kuchomoa fyuzi, moja baada ya nyingine, mpaka taa ikazimika. Fyuzi ile ilikuwa ya taa za ndani. Akairudisha, akaenda kuinama kwenye kiti cha mbele. Mfuniko wa kisanduku ulikuwa umeachama upana wa kidole, umezuiwa na furushi la Dani, na nyuma yake kibalbu, ambacho huzimika mfuniko ukifungwa, kilikuwa kinawaka. Kilikuwa kimewaka usiku na mchana tangu Dani alipolikinga gari.

Baba alimrudishia furushi lake. Dani akaligeuzageuza mkononi.

"Si nilisema kuna kitu ndani ya gari?" akasema, akaingia nyumbani kwake.

Jumapili wazee hawakukaa. Tukienda misa, baba alisimamisha gari kando ya Min Odongo, aliyekuwa akitembea peke yake, akamfungulia mlango. Nilisogea nimpishe.

"Asante, shemeji. Nyinyi endeni tu."

"Panda. Shida ya gari tumeijua."

"Nimesikia. Lakini hii gari ni mzee. Siku moja itazima tena, na mimi nitakuwa nimekaa ndani."

Hakuwahi kulipanda, ingawa lilidumu kwetu miaka mingi. Min Odongo alikwenda misa kwa miguu mpaka miguu ilipomkatalia.

Leo nina gari langu, nalo ni kuukuu vilevile. Likikataa kuwaka najua pa kuanzia: waya, fyuzi, taa iliyosahaulika. Hata hivyo, kabla mkono haujafika kwenye boneti, akili yangu inapita haraka kwa majirani, mmoja mmoja, ikiuliza nani alisimama hapa jana. Naichukia tabia hiyo, na haijaniacha. Nadhani ndiyo aliyoiona Min Odongo siku ile, alipotutazama sote tuliojipanga ndani ya gari tukimsubiri apande.