Sahani ya Mama Jirani

Mwaka huu nilishuka Uvira kula Noeli na mama yangu, na nikafanya kama wafanyavyo wengi wanaotoka Bukavu: gari lilipofika Sange nikashuka kununua mchele. Muuzaji akanimiminia punje chache kiganjani nionje. Nikazitafuna mbichi, na ile ladha ya mchele mpya wa bondeni ikanirudisha papo hapo kwenye umri wa miaka kumi na mmoja, nikiwa na gauni jipya, robe kama tunavyosema kwetu, na dhambi mpya. Ya robe naweza kukueleza nikicheka. Ya dhambi nimeishi nayo miaka mingi kuliko niliyoishi na mume, kwa hiyo univumilie nikizunguka kidogo kabla ya kuifikia.

Kwetu Noeli haikuanza siku ya Noeli. Ilianza siku gunia la mchele lilipofika. Nyanya yangu, mama yake baba, alikuwa akilima mpunga Sange, na kila mwaka alitutumia gunia juu ya lori la mihogo, limeshonwa kwa kamba ya mgomba kwa mkono wake mwenyewe. Sisi watoto tulikaa barazani na nyungo mapajani, tukichambua mawe. Tuliambiwa kila jiwe litakaloachwa litavunja jino la baba, na kwa kuwa baba alikuwa mkali tulilitamani sana jiwe hilo, lakini hatukuthubutu.

Kisha akaja mbuzi, akafungwa nyuma ya jiko, nasi tukampa jina ingawa tulikatazwa. Kisha kasiksi, pombe ya ndizi, ikawekwa kwenye bidoni, dumu la plastiki, pembeni mwa chumba cha wazazi. Baba aliionja kila jioni kuhakikisha kama imeiva. Alikuwa mtu wa kuhakikisha sana, maana kufikia mkesha wa Noeli bidoni ilikuwa imepungua kwa upana wa kiganja, naye akasema ni joto la Uvira.

Asubuhi yenyewe tulikwenda Misa tumevaa robe za kikwembe kimoja, mimi na dada zangu, kitambaa kile kile ambacho mama alijifunga na baba akashonewa shati. Tuliporudi, upepo wa ziwa ulikuwa umechanganya harufu za meko yote ya mtaa: vitunguu, dagaa wa kukaanga tunaowaita ndagala, makaa yaliyomwagikiwa na mchuzi. Mama alivua viatu vya Misa, akapiga magoti mbele ya mbabula, jiko letu la makaa, na hakuna aliyeruhusiwa kumsemesha.

Hapo ndipo inapoingia sahani.

Nyumba ya pili kutoka kwetu alikaa mama mmoja aliyetoka huko juu, kwenye milima ya ng'ombe. Mumewe alibaki juu na mifugo, yeye akashuka na watoto ili wasome. Tulimwita mama jirani. Alikuwa mrefu, mpole, Mprotestanti wa kweli kweli, hivyo kasiksi ya baba haikumhusu. Samaki nao hawakumhusu, maana kwao hawaliwi. Mwaka wa kwanza mama alimpelekea wali na ndagala, akashukuru sana hata mama akarudi amevimba kwa sifa. Kesho yake alipopita akaona paka wa mama jirani amelala ameshiba, na vichwa vya ndagala vimemzunguka. Mama alicheka hadi akakaa chini. Baada ya siku hiyo alinunua sufuria ndogo ya mama jirani peke yake, na mwiko wake, visiguswe na samaki.

Yeye naye alitufundisha ya kwao. Siku ya Bonane, mwaka mpya ulipoingia, alikuja na kibuyu cha maziwa ya kuganda yaliyoshushwa na watu wa mumewe, yananukia moshi kidogo. Baba akapokea kikombe, akataka kunywa hapo hapo mlangoni. Mama jirani akamsogezea kiti.

"Papa, ikala kwanza. Maziwa haiko ya kunywa umesimama."

Na baba yangu, ambaye hata padri hakumwamuru, akakaa.

Ikawa desturi ya nyumba mbili. Noeli, kabla sisi wenyewe hatujagusa chakula, sahani ya kwanza ilipakuliwa ya mama jirani: wali, mchuzi, mfupa mkubwa wa mbuzi. Ilikuwa sahani ya mama ya bati yenye maua mekundu, aliyopewa siku ya harusi yake. Ilikaa huko juma zima. Bonane ikarudi imeng'arishwa, pamoja na kibuyu. Hakuna aliyeandika wala kusema kwamba iwe hivyo. Sisi watoto tulidhani ndivyo dunia ilivyopangwa, kwamba Noeli inakwenda kwa sahani na mwaka mpya unarudi kwa maziwa.

Mwaka wa robe yangu, maneno juu ya watu wa huko juu, kwamba si wenzetu, yalianza bombani. Unajua jinsi maneno yanavyofika kwa watoto: wakubwa wanapunguza sauti, radio inazimwa ukiingia, halafu siku moja unakuta wenzako wanayo tayari, yamekamilika. Tulikuwa tumepanga bidoni tukingoja maji. Rafiki yangu, yule niliyeshirikiana naye dawati na siri zote, akaniangalia mbele ya wengine.

"Weye njo unapelekeaka bale bantu chakula? Basi ukienda tena kule, usirudie kucheza na siye."

Nyumbani sikusema neno. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja na kwangu kutengwa na wasichana wale kulikuwa sawa na kufa. Nakuambia hivyo uelewe, si unisamehe.

Noeli ikafika. Mama akapakua, akafunika kwa kitambaa cheupe, akaniwekea mikononi.

"Peleka, usisimame mu njia. Umwambie ule mufupa mukubwa iko ya katoto kake ka mwisho."

Nilipotokea barabarani wasichana walikuwa wamekaa ukutani na robe zao, wakinitazama. Mbele yao niliuona mlango wa mama jirani. Alikuwa amefagia uwanja, amejifunga kitambaa chake cha kanisani, amekaa kizingitini akimpangusa mtoto uso. Hakuniona. Hatua thelathini tu. Rafiki yangu akashuka ukutani, akauliza kwa upole, na upole ule ndio ulionishinda: "Unaenda wapi?"

Nikasema, "Ku ziwa. Nimewaletea."

Tulikula juu ya mawe, miguu majini. Wasichana walisifu mchuzi wa mama. Mfupa wa mtoto wa mama jirani niliutafuna mwenyewe, na sitakudanganya kwamba ulinikwama kooni. Ulikuwa mtamu. Sahani ndiyo iliyonitisha, kwa sababu sikuweza kurudi nayo nyumbani wala kuipeleka tupu. Niliirusha. Ikaelea kidogo, maua yakaonekana, kisha Tanganyika ikaichukua.

"Alisemaka nini?" mama akauliza niliporudi.

"Alisema aksanti sana. Mutoto wake alifurahi."

Niliona jinsi mama alivyoridhika, akapakua zetu akiimba.

Bonane mama aliamka mapema, akaosha vikombe, akavipanga kichwa chini juu ya kitambaa. Akatoa kile kiti cha baba. Mchana ukapita. Jioni akasema labda ng'ombe hawakukamuliwa vizuri. Siku ya pili akasema labda njia ya kushuka imeharibika. Siku ya tatu akavirudisha vikombe kabatini, na mimi nikaenda kuchota maji ambayo hayakuhitajika.

Baada ya juma moja nilimsikia akimwambia baba, "Hata sahani yangu ya ndoa amebaki nayo."

Baba akamshauri aende akaulize, pengine kuna jambo.

"Minye nilishapeleka yangu. Niende kuomba?"

Hilo tu. Walikuwa wanawake wawili wenye heshima zao, na mwaka wenyewe ulikuwa wa watu kuogopana, kwa hiyo kila mmoja alipata jibu lake bila kuuliza. Walipokutana njiani waliamkiana vizuri, lakini kwa ufupi, bila kushika mikono. Mama jirani alianza kupita njia ya nyuma. Mimi nilikuwa na neno moja ambalo lingefungua yote, na nilicheza kamba na wasichana wangu kila jioni, nikiwa nimepokelewa kikamilifu.

Kabla ya Pasaka alihama. Alisimama langoni kwetu na mzigo kichwani, watoto wamemzunguka. Mama alikuwa akichambua maharage barazani. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia la mlango.

"Mama, siye tunarudia juu. Mubaki muzuri."

"Haya. Muende muzuri."

Mama hakuinuka. Mama jirani alibaki pale kidogo, kama mtu anayesubiri aulizwe, kisha akageuka. Nilikuwa karibu kiasi cha kuweza kumgusa mama begani. Natamani mtu angenichapa siku ile hadi niseme. Hakuna aliyejua kwamba nilistahili kuchapwa.

Sijui walikofika. Wengine walisema wako juu, wengine wakasema walivuka mpaka. Nyumba yao sasa ni ya ghorofa, ina lango la chuma, na sijawahi kumwona mwenye nayo. Noeli ya Uvira siku hizi bado ina kelele, tena kuliko zamani: spika kila kona, sukre, yaani soda, za chupa za plastiki, vijana wakinyolewa hadi saa ya Misa. Chakula kinapikwa. Lakini sahani hazitembei. Watu wanapiga picha ya kuku na kuitumia kwa simu, na jirani anajibu kwa kidole gumba. Nilipokuwa kijana nililalamika kwamba vita na uhaba viliua desturi zetu. Nimeacha kulalamika. Ya nyumba yetu naijua ilivyokufa, na nani aliiua.

Noeli ya mwaka huu nilipika mimi. Mama amezeeka, anakula vijiko vitatu, lakini alikaa kwenye kiti barazani akisimamia kila kitu kwa pua. Nilipompakulia wali wa Sange alikaa ameishika sahani bila kula.

"Minye sijuake," akasema, "yule mama wa juu, nilimukosea nini."

Hakuwa amemtaja kwa miaka. Ningeweza kusema ni mambo ya kale. Nilishafungua kinywa kusema hivyo hivyo. Kisha nikapiga magoti mbele yake kama mtoto, nikamweleza yote: bomba, wasichana, mawe, mfupa, sahani ya harusi yake. Nina mvi, mwenzangu, na nilikuwa nikingoja kofi.

Hakunipiga. Hakuuliza juu ya sahani. Alitazama barabara, jua likiwa utosini, majirani wakicheza muziki wao.

"Ile siku ulimuona?"

"Nilimuona. Alikuwa ameikala ku mulango."

"Kumbe alikuwa ananingoja," mama akasema.

Akanipa sahani yake mkononi, akaniomba nimshike ainuke, akaingia ndani kulala. Alasiri nilimpelekea chakula, nikampelekea tena jua lilipotua. Mama hakula Noeli ile.