Futi ya Fundi Polikarp

Fundi Polikarp hakuwahi kununua futi. Alikuwa na mwili wake, basi. Mlango ulikuwa kimo chake na shubiri moja juu. Rafu ilikaa pale vidole vyake vilipofika. Benchi lilikaa pale makalio yake yalipotaka kutua. Kwa miaka arobaini na mitano alifanya kazi hivyo, kutoka Chala hadi Mazwi, na ukimletea habari za sentimita alikutazama kama umemtukania mama.

Shida ni kwamba mwili ulikuwa ukipungua bila kumwarifu. Mgongo ulijikunja, bega likagoma kupanda, magoti yakakataa kukunjwa. Milango yake ikashuka kidogo kidogo, mabenchi yakapanda. Vijana waliogonga vichwa aliwaambia waache kula chipsi, zinawarefusha ovyo.

Ndipo ikaja kazi ya zahanati ya kijiji. Polikarp aliitaka kuliko alivyoitaka pepo. Ana miaka sabini na miwili, na tangu Krismasi hakuna aliyemwita hata kutengeneza kigoda. Kamati ikamwambia atie kwanza fremu ya mlango wa chumba cha kungojea na benchi moja, waone.

Siku ya ukaguzi mwenyekiti Eustace, jitu refu, aliingia kwa madaha akagonga paji la uso mpaka kofia ikabaki nje.

"Shikamoo, mzee," alisema akijisugua. "Hili ni banda la mbuzi?"

"Marahaba. Ni kimo changu na shubiri, kama siku zote."

"Kimo chako cha mwaka gani?"

Watu wakaangua kicheko. Eustace akatoa futi, akamsimamisha mzee wa watu ukutani, akampima. Tangu alipopimwa jeshini JKT, ujanani, alikuwa amepungua inchi tatu. Polikarp aliumia, aliumia kweli, akatamani ukuta ummeze. Mwenyekiti alikuwa tayari anatafuta kwenye simu namba ya fundi wa mjini.

Bibi Luciana, mgonjwa pekee pale, alikuwa amechoshwa na wanaume hawa akajikalia kwenye benchi jipya lililoinuka. Nesi alipomwita, wajukuu wawili wakakimbia kumvuta mikono kama kawaida. Hawakuwahi kufika. Bibi alishasimama, akageuka nyuma kwa hasira.

"Nani kanisukuma?"

Hakukuwa na mtu. Akakaa tena, akainuka tena. Akarudia mara ya tatu, nesi akimngoja, uso wa bibi umejaa furaha.

Eustace akarudisha simu mfukoni. Polikarp akaliona hilo, akajikongoja mpaka mbele yake.

"Mlango pima kwa mwili wako, mwenyekiti. Nitaubomoa, nitautia upya. Lakini benchi pima kwa mwili wangu. Wanaokuja hapa wanafanana na mimi, si na wewe."

Mwenyekiti alipapasa nundu yake akifikiri.

"Mabenchi kumi, mzee. Utaanza lini?"

"Leo," alisema Polikarp. "Kabla sijapungua tena."